Meza ya Jirani

Nyumbani kwa Mama Rudia huwezi kutumwa chumvi ukaondoka hivi hivi. Ukishaambiwa, unasimama mlangoni, unarudia ulichotumwa mwanzo mpaka mwisho, naye anasikiliza kichwa kimeinama upande, ndipo anakuachia. "Chumvi paketi moja, ya unga, siyo ya mawe, na chenji nirudishe." "Sawa. Nenda." Ukithubutu kusema "nimesikia, mama" na kutia mguu nje, utarudishwa. Watoto wake wote wamekulia chini ya utawala huo. Hata leo, watu wazima wenye nyumba zao, ukimwambia mmoja wao akupitishie sukari mezani atasema "sukari" kabla ya kunyoosha mkono, na wala hajui kama amesema.

Mumewe ni kinyozi, na kinyozi asiye na hadithi ni mashine tu. Hadithi yake kubwa, ambayo kila mteja mpya lazima aisikie akiwa amefungwa kitambaa shingoni na hana pa kukimbilia, ni ya siku alipomposa mkewe. "Nikamwambia, nataka kukuoa. Unajua alinijibu nini? Akasema: 'Nimekusikia. Unataka kunioa. Sahihi?' Nikasema sahihi. Akasema: 'Subiri.' Wiki nzima, bwana! Nikadhani ameenda kuomba kibali makao makuu." Wateja huvunjika mbavu. Mama Rudia husema huo ni uongo mtupu, haikufika wiki.

Tusimcheke sana lakini. Ugonjwa huu aliupata kazini, na huko kazini ni dawa. Mama Rudia ni opereta wa gridi ya taifa. Anakaa katika chumba kikubwa kisicho na dirisha, ambacho ukuta wake wa mbele ni ramani ya nyaya zote kubwa za nchi, imejaa taa nyekundu na kijani, na kutoka hapo anawapigia simu watu wa vituo vya mbali: kata pale, unganisha hapa. Anayeamriwa hagusi kitu mpaka arudie amri neno kwa neno. Maana mahali fulani kuna fundi yuko juu ya nguzo, mikono imeshika waya, ameaga mke na watoto asubuhi, na ikiguswa swichi siyo, fundi huyo hashuki mzima. Kwa hiyo unarudia, hata kama mwenzako umesoma naye, hata kama amri ni ileile ya jana. Katika miaka yote ya Mama Rudia hakuna fundi aliyeumia kwenye zamu yake, na ukitaka kumwona amevimba kichwa, mwulize habari hiyo.

Sasa, mwisho kabisa wa chumba hicho, karibu na mlango wa choo, kulikuwa na meza ambayo haikuwa na kazi. Iliitwa Meza ya Jirani, na ililetwa Mama Rudia akiwa bado msichana mgeni kazini. Serikali ilikuwa imetangaza mpango: gridi yetu itaunganishwa na ya nchi jirani kwa laini kubwa itakayovuka mpaka. Sisi tukipungukiwa umeme watatupa, wao wakipungukiwa tutawapa, na mgao wa umeme utabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Waziri wa wakati huo aliuonyesha mpango kwenye televisheni kwa kuunganisha vidole vya mikono yake miwili, na watu wakapiga makofi.

Wizara ilikuwa na haraka sana ya kuonekana ina haraka. Kwa hiyo kabla hata nguzo moja haijasimikwa, meza ilinunuliwa, kiti kikanunuliwa, na juu ya meza ikafungwa simu nyeusi ya waya iliyokwenda moja kwa moja mpaka chumba kama hicho upande wa pili wa mpaka. Kijitabu cha mpango kilisema simu hiyo ijaribiwe kila siku. Mpango wenyewe ukalala fofofo. Nguzo hazikuja, pesa zilitafutwa zikakosekana, waziri akahamishiwa wizara ya michezo. Ila hakuna aliyekumbuka kufuta ule mstari wa kijitabu, na Mama Rudia siyo mtu wa kuruka mstari. Akavuta kile kiti, akafuta vumbi, akainua simu.

"Chumba cha udhibiti, upande wa huku," akasema.

"Chumba cha udhibiti, na mimi upande wa huku," ikajibu sauti nzito ya mwanamume. "Nakusikiliza, jirani."

"Najaribu simu. Unanisikia?"

"Unajaribu simu. Nakusikia vizuri. Laini?"

Akageuka kuitazama ramani ukutani. Laini ilikuwepo, lakini kwa nukta nukta, kutoka kituo chetu cha mwisho mpaka pembeni mwa ukuta, kisha ikaishia kwenye rangi ya chokaa.

"Bado," akasema.

"Bado. Nimekusikia."

Basi ikawa hivyo. Kila siku, mawaziri wakija na kwenda, watu wawili katika nchi mbili waliinua simu mbili kuulizana juu ya laini ambayo haipo. "Laini?" "Bado." "Bado, nimekusikia." Na kwa kuwa simu ni sauti, na sauti haiwezi kupimwa kwa maneno matatu, Jirani akaona ni vyema kipimo kirefushwe kidogo.

"Haya," akasema siku moja, baada ya Mama Rudia kumdokeza kwamba ameolewa na kinyozi, "kinyozi hajambo?"

Kuanzia hapo jaribio la simu likawa na sehemu mbili: laini na kinyozi. Mama Rudia alijua magoti ya Jirani yanamsumbua wakati wa mvua. Alijua mkewe ni mkunga na ana sauti kali kuliko king'ora. Alijua anafuga kuku, na kila kuku amempa jina la waziri wa nishati wa kwao, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wanapiga kelele asubuhi nzima na mayai huyaoni. Jirani naye aliwajua watoto wa Mama Rudia tangu tumboni. Yule kitindamimba alipopata homa ya kutisha, Jirani ndiye aliyeuliza kila siku, kabla hata ya kuuliza laini, na mtoto alipopona alipiga kelele ya furaha mpaka wenzake wakadhani gridi imeanguka.

Hawakuwahi kuonana. Uliitishwa mkutano mmoja mpakani, Mama Rudia akashona hata nguo mpya, halafu aliyepelekwa akawa ofisa uhusiano. Ukaitishwa mwingine, Jirani akafungasha, ukaahirishwa akiwa kituo cha basi. Baada ya hapo wakaacha kushona na kufungasha.

Wenzake chumbani waliigeuza ile meza kabati. Wakaweka vyombo vya chakula, wakaweka kofia za kazi, wakati mmoja kukawa na magurudumu mawili ya baiskeli ya mtu. Lakini simu hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa kwa kuijaribu. Meneja wa chumba, ambaye Mama Rudia alimfundisha kazi tangu hajui taa nyekundu ni nini, alikuwa akipita nyuma yake wakati wa jaribio na kuigonga saa yake ya mkononi kwa kidole. Mama Rudia alikuwa akimwonyesha kiganja: dakika moja, mwanangu.

Ramani ya ukutani ilibadilishwa mara nyingi. Waziri mpya aliupa mpango jina jipya, aliyemfuata akaupa jina refu zaidi na nembo ya mikono inayoshikana, na kila mara ilikuja ramani mpya ya rangi kali kuliko ya kwanza. Mama Rudia alikuwa akienda kuikagua kabla haijakauka gundi. Nukta nukta zilikuwa palepale, na kusema kweli safari moja aliona kama zimezidi kuachana.

Aliyepata tabu ni kinyozi. Ukikatika umeme katikati ya kichwa cha mtu, mwenye kichwa hamlaumu waziri, anamlaumu aliye karibu. Kuna mwalimu mmoja alinyolewa nusu, mashine ikazima, akasubiri na kusubiri mpaka muda wa kipindi ukafika, ikabidi aende kufundisha na kofia ya kinyozi mwenyewe. Wateja walikuwa wakimwambia, "Mkeo si ndiye mwenye swichi? Mwambie atuonee huruma." Na mwingine anadakia, "Ngoja laini ya jirani ije!" Duka zima linacheka, maana laini ya jirani ilikuwa imeshakuwa jina la kila kitu kisichokuja. Mtu akidaiwa anasema atalipa laini ya jirani ikija.

Mama Rudia hakuwa akicheka. Kinyozi aliligundua hilo mapema, akaacha kumtania kwa jambo hilo moja, naye si mtu wa kuacha jambo. Siku moja akamwuliza wakiwa wanakunja nguo.

"Mke wangu, wewe unaamini kweli itakuja?"

"Itakuja. Na ikija mimi nitakuwa kwenye kile kiti."

"Nimekusikia," akasema kinyozi. "Itakuja, na ikija utakuwa kwenye kile kiti. Sahihi?"

"Sahihi."

Na ikaja. Sijui ni nani aliyepata pesa wapi, lakini mwaka mmoja malori yakaanza kupita yamebeba vyuma, na nguzo zikaanza kusimama moja baada ya nyingine kuelekea mpakani, ndefu na zenye mabega mapana. Vyombo vya chakula vikaondolewa kwenye Meza ya Jirani. Zikaletwa kompyuta, skrini, na kiti kipya kinachozunguka. Akaletwa pia injinia kijana, msichana mwepesi wa akili na mcheshi, ambaye vidole vyake kwenye kibodi huvioni vikitembea. Mama Rudia alimpenda siku ileile. Ni huyo Injinia aliyemwambia, bila kujua anatonesha kidonda, kwamba gridi zikishaungana kompyuta za pande zote mbili zitakuwa zinaulizana zenyewe.

"Na simu?"

"Ya nini tena, mama? Itabaki ya dharura. Ile ya kujaribu kila siku inafutwa."

Kesho yake Mama Rudia akamwambia Jirani habari mbili kwa mpigo: kwamba jaribio linafutwa, na kwamba yeye anastaafu mwisho wa mwezi.

"Sasa unaniachia nani?" akauliza Jirani.

"Kompyuta."

"Kompyuta ina mume kinyozi?"

Mama Rudia akacheka mpaka ikabidi afute macho, na hakuwa na hakika kama machozi yote yalikuwa ya kucheka.

Siku ya uzinduzi ikatangazwa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mpango ule bahati ikawa upande wa Mama Rudia: iliangukia wiki yake ya mwisho kazini. Akaenda kutazama ratiba ya zamu ubaoni, amevaa tabasamu. Kwenye Meza ya Jirani, siku ile, lilikuwa limeandikwa jina la Injinia.

Hakugonga mlango wa Meneja, aliusukuma.

"Mwanangu, umenitoa kwenye meza yangu."

Meneja akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye waziri kichwani. "Mama, nielewe. Mitambo ni mipya, Injinia ndiye aliyeisomea. Na siku ile nchi mbili zinatazama. Hapana nafasi ya kukosea hata neno moja."

"Neno moja! Tangu nianze kazi hii umewahi kunisikia nimekosea neno?"

Meneja akafikiri. Alitamani sana kukumbuka hata moja, likakataa kuja.

"Nimeinua ile simu wakati hakuna nguzo," akasema Mama Rudia. "Nimesema bado kila siku nilipokuwa kwenye zamu. Siombi sherehe, siombi saa ya ukutani. Niache niseme ipo. Mara moja. Kisha nitakwenda nyumbani kulala."

Meneja akarudisha miwani, akaitoa tena, akaipangusa ingawa ilikuwa safi. "Injinia atakaa kando yako," akasema mwishowe. "Na mama, nakuomba. Hata neno moja."

"Hata neno moja. Nimekusikia."

Siku yenyewe, sherehe ilikuwa mbali, chini ya mahema meupe kando ya kituo kipya. Kulikuwa na zulia, bendi, na meza ndogo yenye kitufe kikubwa chekundu. Naomba nikwambie habari za kitufe hicho. Kilikuwa kimeunganishwa na taa moja ya mapambo na betri ya gari. Umeme wa nchi mbili hauunganishwi na kidole cha waziri, tena hauunganishwi kwa kutaka tu. Gridi mbili ni watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: lazima mapigo yaende sawa kwanza, wakipishana michi inagongana. Kazi hiyo ilikuwa ya vyumba viwili visivyo na madirisha. Hatua ya kwanza, Jirani anaujaza umeme kwenye laini mpaka mlangoni kwetu. Hatua ya pili, wanasubiri mapigo yalingane. Hatua ya tatu, Jirani anauliza kama upande wetu uko tayari, anajibiwa, na Mama Rudia anaunganisha. Upande wowote ukisema bado, mwingine anakata, laini inatolewa umeme, na kazi inaanza upya. Hapo hakuna mjadala, ndiyo sheria inayowashusha mafundi wazima.

Mama Rudia alikuwa amevaa ile nguo aliyoishonea mkutano wa mpakani, baada ya kuongezwa kitambaa ubavuni. Televisheni ndogo iliwekwa juu ya kabati, sauti imepunguzwa, ili Meneja afuate sherehe. Injinia alikaa pembeni na kijitabu cha hatua mapajani. Hatua ya kwanza ikaenda kama maji. Jirani akasema, Mama Rudia akarudia. Mama Rudia akasema, Jirani akarudia. Na kule ukutani, zile nukta nukta, ambazo sasa zilikuwa taa ndogondogo, zikawaka zote kwa pamoja kutoka pembeni mwa ukuta mpaka kituo chetu cha mwisho. Chumba kizima kikasimama. Mama Rudia hakusimama. Alikuwa anatazama kipimo chenye mshale unaozunguka, uliokuwa ukipunguza mwendo taratibu, taratibu, ukitafuta kusimama wima. Mapigo yalikuwa yanakaribia kulingana.

Kwenye televisheni waziri alishamaliza hotuba na kuinua kidole.

Kijitabu kilitaka Jirani aulize hivi: "Je, upande wako uko tayari kuunganisha laini?" Lakini Jirani naye alikuwa na jasho usoni na miaka mingi mdomoni.

"Laini?" akauliza.

"Bado," akasema Mama Rudia.

"Bado. Nimekusikia."

Na mkono wa Jirani, mkono uliofunzwa vizuri, ukafanya kile ambacho neno "bado" linataka ufanye. Akakata. Taa zote za laini zikazima. Mshale ukapoteza mwelekeo, ukazunguka mara moja kwa uvivu, ukalala.

Kwenye televisheni waziri akabonyeza kitufe. Taa ya mapambo ikawaka, bendi ikalipuka, karatasi za rangi zikarushwa juu, na nchi mbili zikashangilia kwa nguvu zote laini ambayo haikuwa na umeme hata wa kuwasha kibatari.

Chumbani Meneja alishika kichwa. "Mama!" akasema. Simu yake ya mkononi ikaanza kulia. Akaitazama kama anaangalia nyoka, akaipokea. "Ndiyo, mheshimiwa," akasema, amefumba macho. "Ndiyo, makofi tumeyasikia. Mambo yanakwenda... yanakwenda, mheshimiwa. Asante sana." Akakata, akakaa juu ya pipa la kutupia karatasi.

Mama Rudia alitamani ardhi ipasuke. Ulimi wake, ulimi wake mwenyewe! Alijua watu watasema mazoea, na kweli yalikuwa mazoea. Lakini alikuwa mkweli kiasi cha kujua kwamba hayakuwa mazoea peke yake. Neno lile lilikuwa ndilo linalomfungulia mlango wa maongezi na Jirani kila siku, na siku hiyo alikuwa ametakiwa aufunge. Hakutaka. Hakuna zaidi ya hapo: alikuwa ameingoja laini ile ujana wake wote, na ilipofika mlangoni hakutaka iingie.

Akasimama. Akamwonyesha Injinia kiti. "Kaa, mwanangu. Mimi nimeharibu."

Injinia akasita, kisha akakaa, maana mtu lazima akae. Akainua simu, akajitambulisha kwa utaratibu, akasema wako tayari kuanza tena hatua ya kwanza. Halafu sauti nzito ya Jirani ikasikika mpaka kwa Meneja pale juu ya pipa.

"Nani huyu? Binti yangu, samahani, una sauti nzuri, lakini sikujui. Mwambie mwenye meza arudi mezani."

"Mzee, utaratibu unaruhusu opereta yeyote..."

"Unaruhusu, nimekusikia. Laini hii nimeingoja na mtu mmoja. Sitaiwasha na mwingine."

Injinia akaziba simu kwa kiganja, akamtazama Meneja. Meneja akatazama dari. Kule kwenye mahema walikuwa wameanza kucheza muziki, na hakuna aliyekuwa akiuliza umeme umefika wapi.

"Mimi nifanye nini?" akasema Meneja hatimaye. "Mgomo wa nchi ya kigeni uko nje ya mamlaka yangu. Mama, kaa."

Mama Rudia akakaa. Akashika simu.

"Jirani, nimekuaibisha."

"Umeniaibisha wapi? Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Na ungeniuliza wewe, ningesema hilohilo." Akakohoa. "Haya. Tuanze. Hatua ya kwanza, najaza laini."

"Hatua ya kwanza, unajaza laini. Sahihi."

Taa zikawaka tena ukutani, na safari hii hakuna aliyesimama, waliogopa kuzitisha. Mshale ukaanza kuzunguka, ukapungua, ukapungua tena. Jirani akauliza swali la kijitabu, refu lote, neno baada ya neno, bila kuruka hata moja. Mama Rudia akajibu, "Tayari." Jirani akarudia, "Tayari." Mshale ukasimama wima. Mama Rudia akaunganisha.

Hakukuwa na kishindo. Namba kwenye skrini, iliyokuwa sifuri tangu iwekwe, ikageuka moja, ikageuka tano, ikaanza kupanda. Umeme ulikuwa unavuka mpaka. Kwenye televisheni mtu mnene aliyevaa suti alikuwa akicheza na kitambaa mkononi, amegeuzia kamera mgongo, na watu wote wa nchi mbili walikuwa wanamtazama huyo.

Injinia alikuwa akilia waziwazi bila aibu. Meneja alisimama kutoka kwenye pipa akaja nyuma ya kiti, mkono wenye saa ukiwa umeinuliwa kwa mazoea, kidole tayari. Akauona mwenyewe ule mkono. Akaushusha, akautia mfukoni.

"Laini?" akauliza Jirani, polepole.

Mama Rudia akavuta pumzi. Neno lilikuwa pale, na lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

"Laini ipo," akasema.

Akasikia kikohozi, akasikia kiti kikilia, akasikia mtu mzima mwenye kuku na magoti mabovu akijaribu kusafisha koo na kushindwa.

"Rudia, Jirani," akamwambia, taratibu, namna alivyokuwa akiwaambia watoto wake walipokuwa wadogo. "Sheria ni sheria. Rudia."

"Laini ipo," ikaja sauti, imepasuka katikati. "Nimekusikia." Kisha ikapumzika, ikajikusanya. "Haya. Kinyozi hajambo?"

Mama Rudia akatazama nyuma. Meneja alikuwa amekwishageuka, anawasogeza watu wote mlangoni kimyakimya, na Injinia mbele yao, kisha akaurudisha mlango.

"Hajambo," akasema Mama Rudia, akavuta kiti karibu na meza. "Leo amefungua mapema. Amesema anamtafuta yule mwalimu, amalizie ile nusu."